Dawa ni bure, njia ya kuifikia ndiyo ghali

*Tangu mwaka 2011 methadoni imewarudisha waraibu wengi wa heroini kwenye familia zao na kazini. Hata hivyo, wapo wengi wanaojidunga ambao hawajawahi kulifikia dirisha la dawa, na waliolifikia wanalipigania kila kukicha.*

Mgonjwa anafika dirishani, anataja namba yake, nesi anahakikisha kwamba ndiye mwenyewe. Anatazamwa macho na mwendo, kwa sababu aliyelewa hapewi dawa siku hiyo. Mfamasia anapima dawa ya maji, mililita chache tu, anaichanganya na maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mgonjwa anainywa palepale, akitazamwa. Anaongezewa maji, anayanywa, kisha anatakiwa atamke neno lolote ili ionekane hakuna kilichobaki mdomoni.

Shughuli imekwisha, na dakika tatu hazijapita. Kesho atarudi, na keshokutwa, Jumapili na sikukuu, jua liwake au mvua za masika zifunge barabara. Hivyo ndivyo methadoni inavyotolewa kwa kawaida katika vituo vya Dar es Salaam, na hakuna anayetozwa hata senti.

Gharama iko barabarani. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli ya safari fupi ya daladala jijini hadi Sh600. Kwa nauli hiyo, anayetoka Chamazi kwenda Temeke, akipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, anatumia Sh2,400 kwa siku. Kwa mwezi ni Sh72,000. Na tunamzungumzia mtu ambaye mara nyingi anaanza tiba akiwa hana kazi, ameshauza godoro na simu, na ndugu zake wamechoka kumpa hata hela ya sabuni kwa sababu kila walipompa iliishia kwenye kete za heroini.

Tiba hii imepangwa kana kwamba mgonjwa ana nauli, ana muda, ana ndugu wa kumsindikiza na hana sababu ya kumkimbia askari. Heroini huanza kwa kumnyang'anya mtu vitu hivyohivyo.

Mwili unapodai

Anayemwona kijana amelala chini ya daraja huona uvivu na kiburi. Asichokiona ni arosto. Saa sita hadi 12 baada ya heroini ya mwisho, mwili huanza kudai: miayo isiyokoma, machozi na makamasi, vinyweleo kusimama, kisha mifupa kuuma, kutapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Mtu aliye katika hali hiyo hafikirii starehe. Anatafuta namna ya kusimama.

Methadoni hufanya kazi kwenye sehemu zilezile za ubongo ambazo heroini hugusa, ila huingia polepole na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Dozi ikiwa sahihi, mgonjwa halewi na arosto haimpati. Anaweza kuendesha toroli, kushona nguo, kumpeleka mtoto shule. Daktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia kwa njia hii New York katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

Takwimu za vifo ndizo zinazonisukuma kuandika makala haya. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2017, uliounganisha tafiti kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba katika kila watu 1,000 wanaotumia methadoni hufa kama 11 kwa mwaka. Wakishatoka kwenye tiba, wanaokufa ni 36. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki nne za kwanza baada ya kuacha.

*Wanaokufa wakiwa kwenye methadoni ni 11 katika kila 1,000 kwa mwaka. Walioiacha ni 36.*

Kwa hiyo nauli ikikosekana wiki nzima, kilichokosekana ni kikubwa kuliko miadi ya hospitali.

Unga mweupe ulipoingia

Pwani yetu imekuwa njia ya heroini kwa miongo kadhaa. Majahazi huipakia pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, yakavuka Bahari ya Hindi hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji. Sehemu ya mzigo ilianza kubaki hapa. Mwanzoni ilikuwa ya kahawia, ya kuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji bila shida, na sindano zikaenea maskani.

Virusi vya Ukimwi vikafuata. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam miaka ya 2000 ziliwakuta na maambukizi watu wapatao wanne katika kila kumi waliokuwa wakijidunga. Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo ambalo bado linatisha kulisoma: wanawake waliokosa hela ya kete walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyemaliza kujidunga, wakitumaini kwamba unga uliomo ungewatuliza arosto.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha methadoni cha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Februari 2011. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na baadaye huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam hadi Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko. Zanzibar ilianza mwaka 2015 Kidongo Chekundu. Kenya ilifungua Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi. Kwa Tanzania pekee, waliosajiliwa wamevuka 10,000.

Hayo ni mafanikio, na wahudumu waliosimama kwenye madirisha hayo tangu mwanzo, siku za kazi na za mapumziko, wanastahili heshima ya taifa. Lakini ramani ya vituo inaonyesha pia mapengo. Mkoa mzima unaweza kuwa na dirisha moja. Mikoa mingine haina kabisa.

Mlango una foleni yake

Mraibu hawezi kuamka asubuhi, akakata shauri, akaenda kituoni na kunywa dawa siku hiyohiyo. Utaratibu uliojengwa tangu mwanzo unampitisha kwanza kwenye asasi ya kijamii inayofanya kazi mtaani kwake. Mwelimisha rika anamfuata maskani, anamsajili, anamhudhurisha vikao vya maandalizi, ndipo anampeleka kituoni na rufaa. Huko anapimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini, na anaulizwa nani atakuwa msindikizaji wake.

Kila hatua ina sababu. Methadoni ikianzishwa ovyo inaua: siku za mwanzo dozi hupandishwa kidogokidogo, kwa sababu mgonjwa anayechanganya na heroini, pombe au vidonge vya usingizi anaweza kuacha kupumua akiwa usingizini. Daktari lazima amjue anayemtibu.

Hata hivyo kwa mraibu, utayari una muda wake. Unakuja baada ya rafiki kufa, baada ya kipigo, baada ya kumwona mtoto wake akipita upande wa pili wa barabara. Ukimwambia asubuhi hiyo arudi wiki ijayo, na arudi na ndugu, unamwachia siku saba za arosto mtaani, bila mtu wa kumtuliza isipokuwa muuza unga. Mtu aliyefukuzwa nyumbani miaka mitano iliyopita atamtoa wapi ndugu? Kwa kosa la kutokuwa na msindikizaji, anakosa tiba ambayo ingewafanya ndugu wamrudie.

Wanawake wako wapi?

Simama nje ya kituo chochote cha methadoni asubuhi utazame foleni. Ni wanaume. Katika miaka ya mwanzo ya huduma Dar es Salaam, wanawake hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Si kwamba hawajidungi. Wapo, na maambukizi ya VVU kwao ni makubwa kuliko kwa wanaume wenzao.

Mwanamke anayejidunga mara nyingi anaishi na mwanamume anayejidunga, na huyo ndiye anayetafuta unga, anayemchoma sindano na anayeamua hela iende wapi. Mwanamke akianza methadoni peke yake, nyumba inagawanyika. Wengine wanaishi kwa kuuza mwili, wanalala alfajiri, wakati dirisha linafanya kazi asubuhi. Wenye watoto hawana wa kuwaachia, na foleni iliyojaa wanaume wanaowajua, wengine waliowahi kuwaumiza, si mahali pa kusimama na mtoto mgongoni.

Halafu kuna ujauzito. Wengi huamini kwamba mjamzito akinywa methadoni atamdhuru mtoto, na huacha au hujificha. Ukweli wa kitabibu ni kinyume chake: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza mjamzito mwenye uraibu wa heroini aendelee na methadoni, kwa sababu arosto ya ghafla inaweza kuharibu mimba. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na dalili za arosto, lakini hali hiyo inatibika wodini, na mama anaweza kunyonyesha.

Tatizo ni kwamba kliniki ya wajawazito na kituo cha methadoni mara nyingi ni milango miwili isiyozungumza. Mama anafika kujifungua, anaonekana na alama za sindano mkononi, na badala ya kuulizwa dozi yake anafokewa mbele ya wenzake. Hatarudi. Ujumbe utafika maskani jioni hiyohiyo, na wajawazito wengine watatu hawatakwenda kabisa. Matusi ya wodini hayahitaji bajeti ya Serikali kuyakomesha. Yanahitaji mganga mfawidhi mwenye msimamo.

*Akifokewa mmoja leboni, wengine watatu hawatakwenda kliniki.*

Askari njiani

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamtaja mtumiaji kama mkosaji. Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyohiyo, DCEA, ndiyo inayosimamia pia upanuzi wa tiba. Mkono mmoja unakamata, mwingine unatibu, na mraibu hajui leo atakutana na upi.

Februari 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitaja hadharani majina ya watu aliowahusisha na dawa za kulevya, na msako ukafuata. Mtaani, misako ya aina hiyo huwatawanya watumiaji. Wanahama maskani, wanaingia magofuni, na mwelimisha rika aliyekuwa amewazoea hawaoni tena.

Akikamatwa mgonjwa aliye kwenye tiba, tatizo halichelewi kuanza. Methadoni ya jana inaelekea kuisha, na mahabusu ya kituo cha polisi haina mfamasia. Siku ya pili ana arosto sakafuni, tayari kukiri chochote ili atoke. Kuanzishwa kwa huduma ndani ya Gereza la Segerea ni hatua kubwa, lakini kabla ya Segerea kuna siku kadhaa za mahabusu, na magereza mengi bado hayana huduma hiyo. Anayetoka gerezani baada ya miezi mingi bila dawa huwa mwili wake umesahau heroini. Akijidunga kiasi alichozoea zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mauritius inatupa somo la kutazamwa kwa makini. Mwaka 2005, asilimia 92 ya maambukizi mapya ya VVU nchini humo yalikuwa ya watu wanaojidunga. Mwaka uliofuata ilianzisha methadoni na ugawaji wa sindano safi, na maambukizi yakashuka. Kisha siasa zikabadilika: mwaka 2015 usajili wa wagonjwa wapya ulisimamishwa kwa muda, na ugawaji ukahamishiwa kwenye vituo vya polisi. Baadaye usajili ukafunguliwa tena. Aliyekuwa na bahati ya kuingia kabla alikunywa dawa. Aliyechelewa alibaki na sindano.

Anakunywa, lakini arosto inampata

Kikwazo hiki hakizungumzwi sana, kwa kuwa kinatokea ndani ya kituo. Mgonjwa wa methadoni anagundulika na kifua kikuu, ugonjwa ulio wa kawaida mno kwa waliolala magofuni na mahabusu. Anaanzishiwa dawa za TB zenye rifampisini. Rifampisini huliamsha ini livunje methadoni haraka. Baada ya siku chache, dozi ileile iliyokuwa ikimtosha haifiki hata jioni.

Anarudi dirishani akilalamika. Asipokutana na mtaalamu anayejua, ataambiwa anatafuta kulewa. Atarudi kwenye sindano, au ataacha dawa za TB kimyakimya, kwa sababu ameshajua ni zipi zinazomtesa. Yote mawili ni hatari, na la pili linaweza kumwambukiza kifua kikuu sugu kila anayepanda naye daladala.

Dawa yake ni kuongeza dozi ya methadoni kwa uangalifu, na kuipunguza tena matibabu ya TB yakiisha. Baadhi ya ARV za zamani, kama efavirenzi na nevirapini, zilikuwa na tabia hiyohiyo. Dolutegraviri inayotumika sasa haina, na hiyo ni nafuu kubwa.

Wanaopinga wana hoja

Upinzani dhidi ya methadoni si wa wajinga. Mzazi aliyeuza kiwanja kumpeleka mwanawe nyumba ya upataji nafuu anataka kumwona akiwa hana dawa yoyote mwilini. Anauliza: kama mwanangu atakunywa kikombe kila siku kwa miaka, amepona nini? Msikitini na kanisani swali ni hilohilo.

Wapo waliopona bila methadoni, kwa sala, kwa nyumba hizo na kwa msimamo wao, na safari yao ni ya kweli. Lakini nyumba za upataji nafuu mara nyingi zinategemea ada ya familia, na anayetoka huko akateleza anarudi kwenye heroini na mwili usio na uzoefu. Mgonjwa wa kisukari hunywa dawa maisha yake yote na hakuna anayemwuliza lini ataacha. Mimi ningependa mzazi huyo apewe mwanawe akiwa hai kwanza.

Mjadala wa pili ni mzito zaidi: kwa nini mgonjwa aliyetulia asipewe dozi za siku kadhaa akanywe nyumbani? Wanaokataa wanasema itauzwa, na kwamba mtoto akiinywa atakufa. Kuhusu mtoto wako sahihi kabisa. Dozi ya mtu mzima inamuua mtoto. Ndiyo maana penye utaratibu huo, dawa hutolewa na maelekezo ya kuifungia kwenye sanduku.

Kuhusu kuuzwa, janga la UVIKO-19 lilifanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulifanya. Machi 2020 Marekani iliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28. Vifo vya methadoni havikulipuka kama ilivyohofiwa, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa kwenye kanuni za kudumu.

Kwetu, maana yake inaeleweka zaidi ukifikiria msiba. Mama amefariki Songea. Mwana yuko Dar es Salaam, ana miaka mitatu kwenye tiba, hajagusa sindano, ana kazi ya kuosha magari. Kusafiri, kuzika na kukaa matanga ni siku tano au sita. Asipokuwa na dozi za kubeba wala kituo cha kupokelewa huko, achague: asimzike mama yake, au amzike akiwa na arosto mbele ya ukoo mzima. Na akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, hataendelea na dozi yake ya zamani. Itapunguzwa kwa usalama wake na kupandishwa upya. Utulivu wa miaka mitatu usipotosha kumpatia mtu chupa sita za kuzikia, sijui kitakachotosha.

Zipo njia nyingine pia. Buprenofini ni salama zaidi kuliko methadoni kwa upande wa kupumua, na ipo ya sindano inayodumu wiki au mwezi. Bei yake bado ni kubwa, lakini kwa mvuvi anayekaa dagoni au dereva wa lori, sindano moja kwa mwezi ingekuwa kazi na maisha.

Nani atamlipa mwelimisha rika?

Januari 2025 Marekani ilisitisha ghafla misaada yake ya nje. Huduma za methadoni Afrika Mashariki zimejengwa kwa sehemu kubwa na fedha za mpango wake wa Ukimwi, PEPFAR. Hatari inayomkabili mraibu haianzii dirishani. Inaanzia kwa mwelimisha rika anayelipwa posho na mradi. Dawa inaweza kuwepo stoo na muuguzi akawa zamu, lakini kama njia ya kuingia ni rufaa ya asasi na asasi imefunga ofisi, mgonjwa mpya hana wa kumshika mkono.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wanapewa mafunzo ya malaria, lishe, uzazi na TB. Temeke, Kinondoni, Ilala, Tanga Mjini na Bagamoyo wapo watu waliotoka kwenye sindano, wanaojua kila maskani na saa ambayo mtu anaweza kuzungumza. Halmashauri zinaweza kuwaingiza watu hao kwenye mpango huo, wapewe kitambulisho cha kuonyesha wakisimamishwa na askari, na rufaa yao ipokelewe kituoni siku hiyohiyo. Nauli ya miezi mitatu ya kwanza kwa mgonjwa mpya, kabla hajapata kibarua, ni Sh216,000 kwa yule wa Chamazi. Vikao vya bajeti za halmashauri hufanyika kila mwaka kabla ya Bunge la Juni, na kifungu cha nauli hiyo kinaweza kuombwa na diwani yeyote mwenye maskani kwenye kata yake.